Samaki, Soketi na Zamu ya Usiku

Baridi ya Juni na Julai hapa Tosamaganga haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuhudhuria Misa ya kwanza ya Jumapili akiwa amejifunga shuka juu ya koti. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kilometa kama 15 kutoka mjini Iringa, na upepo wa alfajiri haumhurumii mtu wala mnyama. Sasa fikiria, ndugu msomaji, kwamba mahali kama hapa watu wawili wenye akili timamu waliamua kufuga samaki wa maji ya joto.

Watu hao ni sisi. Tu mke na mume, wanajumuiya wa parokia hii. Mmoja wetu anafundisha shule ya msingi, mwingine ni fundi cherehani. Tutasema "sisi" mpaka mwisho, maana kwa habari hii hakuna sehemu ambayo mmoja aliifanya peke yake.

Tulianza mwaka 2019. Wafugaji wenye mabwawa kule Pawaga na Idodi, kwenye joto la bondeni, walikuwa wakitafuta vifaranga vya sato, na wengi walivifuata mbali. Kazi na nyumba yetu viko hapa mlimani, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa anakaribia kwenda chuo. Tulisafisha chumba cha nyuma, tukaweka matangi matatu ya lita 500, tukayazungushia magodoro ya sponji ya zamani, na tukaanza.

Sato hukua vizuri maji yakiwa na nyuzijoto 26 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kwa kusuasua. Yakishuka zaidi huacha kabisa kula. Yakikaribia 11 huanza kufa. Na hazai mpaka apate joto la kutosha. Jike akishataga, huyachukua mayai yote kinywani na kuyatunza humo kwa siku nyingi, mpaka yaanguliwe na watoto waweze kuogelea, na muda wote huo hali chakula. Hata wakishatoka, hatari ikitokea huwafungulia kinywa nao hurudi ndani mbio. Mama yetu alipenda kuketi kwenye kigoda kando ya tangi la wazazi akiwatazama. Majike yenye mayai kinywani aliyaita "wenye Kwaresima". (Tunasema mama yetu. Alimzaa mmoja wetu tu, lakini baada ya miaka zaidi ya 20 ya ndoa hata majirani hawakumbuki ni nani.)

Ili kulinda joto hilo tulikuwa na hita za kutumbukiza majini na kipimajoto cha kioo. Kazi iliyobaki ilikuwa yetu: kuamka saa mbili, saa tano, saa nane na saa kumi na moja, kusoma kipimajoto kwa tochi, kuwasha au kuzima, kusikiliza kama pampu ya hewa inanguruma, kuangalia kama LUKU imebaki uniti za kufika asubuhi. Pampu ndiyo ilitutia hofu zaidi. Samaki wengi wakiwa kwenye maji kidogo, humaliza hewa iliyomo kwa muda mfupi. Pampu ikinyamaza kwa saa chache, unaweza kukuta kazi ya miezi minne inaelea.

Tulipokezana zamu hiyo kwa miaka mitatu. Hatukuilalamikia, maana ada ya chuo ilitoka humo. Lakini kitu kimoja kilituuma. Jumapili mmoja alisali Misa ya kwanza na mwingine ya pili. Kesha la Pasaka, ambalo tangu uchumba tulilihudhuria tukiwa tumeshika mishumaa bega kwa bega, mmoja wetu alilisikia kwa mbali tu, kengele za Gloria zikija na upepo hadi chumba cha nyuma. Kwaya iliimba, sisi tulihesabu nyuzijoto. Tulikuwa watu wa ndoa wenye Sakramenti na watoto wanne, lakini kanisani tulionekana kama wajane wawili waliopishana mlangoni.

Mabadiliko yalianzia mahali ambapo hatukupatarajia, yaani baharini. Mpwa wetu ni fundi simu Kariakoo. Alipokuja likizo Desemba 2021 alituonyesha kwenye simu yake watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga matumbawe sebuleni. Hatukuamini. Matumbawe ni wale viumbe wa baharini wanaojenga miamba ile ambayo samaki wa pwani yetu hukaa, kuanzia Mafia mpaka Unguja na Pemba. Kwa macho ni kama mawe au maua, lakini ni wanyama, tena wanyama wanaodeka kuliko sato mara kumi. Wanataka joto lisilopanda wala kushuka ila kidogo, chumvi ya kipimo kile kile, taa ya kiasi, mawimbi ya kutengenezwa kwa pampu. Bahari yenyewe ikizidi joto lake la kawaida kwa nyuzi moja au mbili tu kwa majuma kadhaa, matumbawe hupauka na kuwa meupe, na wengi hufa. Ndivyo ilivyotokea katika pwani yote ya Afrika Mashariki mwaka 1998. Baba Mtakatifu Fransisko aliyataja katika barua yake ya Laudato Si' ya mwaka 2015, na sisi watu wa milimani tulipoisoma jumuiyani tuliruka aya hiyo tukidhani haituhusu.

Basi mtu anayemweka kiumbe wa namna hiyo kwenye sanduku la kioo, mbali na bahari, ana shida ile ile tuliyokuwa nayo: amechukua juu yake kazi ambayo mwanzoni ilifanywa na bahari nzima. Naye ana usingizi. Zipo mashine kamili za kiwandani za kumsaidia, lakini bei yake ni mamia ya dola. Kwa hiyo wafugaji wengi wamegeukia vifaa vya bei nafuu vilivyotengenezwa kwa ajili ya nyumba za kawaida: soketi janja ya kuwasha taa ya barazani kwa simu, kihisi cha joto cha chumbani, kengele ya maji ya kuwekwa chini ya sinki. Ndani ya vingi kati ya hivyo mna chipu ndogo kama ESP8266, iliyotolewa mwaka 2014 na kampuni ya Espressif ya Shanghai, ambayo kwa fedha kidogo hukiunganisha kifaa chochote na mtandao. Aliyeitengeneza soketi hakuwaza samaki hata kidogo. Ni mfugaji aliyeona kwamba kitu kinachoweza kuzima taa kinaweza pia kuzima hita.

Mpwa wetu alisema, "Mjomba, hii si kazi ya wazungu peke yao. Hizo soketi ninaziuza mimi mwenyewe dukani." Akatuletea soketi janja sita, vihisi vitatu vya joto vinavyozama majini, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi aliyokuwa ameitumia mwenyewe. Jumla yake haikufika bei ya mbuzi watatu.

Hapa tunaomba uvumilivu wako tueleze kidogo, kwa sababu katika parokia yetu wapo wengine wanaofuga kuku, wanaotamia mayai, na wanaotunza miche ya nyanya, na mambo ni yale yale.

Jambo la kwanza ambalo wafugaji wa matumbawe husisitiza ni kwamba usiamini soketi peke yake. Ndani yake mna swichi inayovutwa na sumaku. Ikishawaka na kuzima mara nyingi, vibati vyake vinaweza kugandamana, na hita ikabaki inawaka hali simu inakuambia imezimwa. Maji yakachemka na samaki wakaiva. Kwa hiyo hita yenyewe iwe na kidhibiti chake. Yetu imewekwa 28, na soketi inaagizwa kuzima ikifika 26. Soketi ikishindwa, hita hujizima yenyewe kabla ya hatari. Tena afadhali hita mbili ndogo kuliko moja kubwa: moja ikifa, ya pili inashikilia, moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kuyachemsha maji haraka. Tulipenda hesabu hiyo. Ni kama wazazi wawili.

Jambo la pili ni mahali uamuzi unapofanyika. Soketi nyingi za bei rahisi hupeleka taarifa ng'ambo kwenye kompyuta za kampuni, kisha amri hurudi. Bando likiisha, hita yako ya Tosamaganga inangoja jibu ambalo haliji. Ndiyo sababu ya ile Raspberry Pi. Imewekwa programu ya bure iitwayo Home Assistant, ambayo Mholanzi Paulus Schoutsen aliianzisha mwaka 2013, nayo huamua mambo humu humu chumbani, intaneti iwepo isiwepo. Intaneti inahitajika tu kutuletea ujumbe tukiwa mbali.

La tatu ni umeme. Pampu ya hewa, vihisi, kompyuta na ruta tuliviweka kwenye betri inayochajiwa na paneli ya jua juu ya bati. Hita haziwezi kubebwa na betri ile. Zinakula umeme mwingi mno. Hilo tulilijua tangu siku ya kwanza. Na kila waya tuliuacha ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji likiteleza juu yake lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Ukisahau yote, ndugu, hilo la waya usilisahau. Maji na umeme havina msamaha.

Kuanzia Aprili 2022 tulilala usiku kucha. Mwanzoni mwili ulikataa. Tuliamka saa nane kama kawaida, tukachungulia simu, tukakuta 26.1, tukatazamana gizani na kucheka. Jumamosi Kuu ya tarehe 8 Aprili 2023 tuliingia kanisani pamoja. Moto ulipobarikiwa nje na mshumaa wa Pasaka ukapita gizani, tuliwasha yetu, mmoja akimwashia mwenziwe. Hatukumweleza mtu kwa nini tulilia.

Hayakukosekana maneno. Mwenyekiti wetu wa jumuiya ni mzee wa zamani, katekista mstaafu, mtu ambaye kabla hajakuambia lolote atamaliza kwanza salamu za Kihehe zote, kamwene na majibu yake, mpaka ahakikishe hata ng'ombe wako wameamka salama. Siku moja baada ya rozari alituuliza mbele ya wote: "Mwalimu, sasa hao samaki wanalindwa na Mungu au na waya?"

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Alifafanua kwamba ameona kwa watoto wake walioko mijini: mtu akishapata kifaa cha kumkumbusha kila kitu, cha kwanza anachosahau ni sala. Zamani, alisema, mtu akiamka usiku kutazama ng'ombe, alipiga ishara ya msalaba kwa sababu alikuwa anaogopa giza. Mashine haiogopi giza, na mwenye mashine naye anaacha kuogopa.

Tulikaa na swali hilo miezi mingi, na hatuoni kuwa lilikuwa la kijinga. Kuna ukweli ndani yake. Katika zile zamu za usiku tulisali kweli, na usingizi ulipokuja, sala zile hazikuhamia saa nyingine zenyewe. Ilibidi tuzitafutie mahali. Lakini kuna upande mwingine. Zaburi ya 127 inasema wazi kwamba mlinzi hukesha bure kama Bwana hayumo katika kazi hiyo, lakini popote haimwambii mlinzi aende nyumbani. Watu wa Nehemia, walipokuwa wakijenga ukuta na maadui wamewazunguka, walisali, na baada ya sala wakapanga zamu. Na mwanadamu wa kwanza aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kuitunza ni kazi ya mikono, na mkono wa mwanadamu tangu zamani umeshika kitu: jembe, fimbo, kengele shingoni mwa mbuzi. Kengele ya mbuzi ni nini kama si kifaa cha kumwambia mchungaji aliye mbali kwamba mnyama wake yuko wapi? Hatujawahi kusikia padre akiikemea.

Tena mfano mkubwa uko milimani kwetu. Mto Kihansi unashuka kutoka milima ya Udzungwa kwa maporomoko makubwa, na ukungu wa maporomoko hayo uliwalea vyura wadogo sana, wa rangi ya dhahabu, wasiozidi urefu wa kidole, ambao hawatagi mayai kama vyura wengine bali huzaa watoto wakiwa vyura kamili. Hawakuwa wakiishi penginepo duniani. Wataalamu waliwagundua mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa mto huo ulikuwa umekwisha kuanza. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, sehemu kubwa kabisa ya ukungu ilikoma. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, na kule bondeni yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji, kutengeneza kwa mikono ukungu ambao Mungu aliutoa bure. Hata hivyo vyura wa bondeni walitoweka, ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukiwa mmoja wa washukiwa wakuu. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa hawapo tena porini. Waliobaki walikuwa kwenye masanduku ya vioo, wakitunziwa joto, unyevu na mwanga kama yale matumbawe ya sebuleni. Mwaka 2010 mia moja kati yao walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakarejeshwa bondeni kwao.

Tulimsimulia mwenyekiti habari hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umeme huo wa Kihansi si ndio huu unaowasha hita zenu?" Tukamjibu kwamba gridi ni moja, wa Kihansi, wa Mtera na wa Kidatu wote humo humo. Akatikisa kichwa. "Basi mnadaiwa na vyura," akasema, akaaga. Mpaka leo hatujapata jibu la kumrudishia, na pengine hakuna.

Julai 2024 mama alilazwa hospitali yetu ya hapa Tosamaganga. Moyo ulikuwa umechoka, na alikuwa na miaka 81. Tulikaa naye siku kumi na moja, mchana kwa zamu na usiku wote wawili, mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye mkeka chini. Hapo ndipo tulipovishukuru vifaa kwa dhati. Mwaka 2020 mmoja wetu angelazimika kubaki na samaki, na mama angekuwa na mtoto mmoja kitandani pake badala ya wawili. Funguo za nyumba tulimwachia mama jirani aliyetulishia mbuzi na kuwatupia samaki chakula. Joto tulilitazama kwenye simu. Mama naye alitaka kulitazama. "Wenye Kwaresima wanasemaje?" alikuwa akiuliza, nasi tunamwonyesha namba, hata siku ambazo hakuweza tena kusoma.

Usiku wa kumi padre alifika kumpa Mpako wa wagonjwa. Aliitikia mwenyewe, kwa sauti ndogo. Baada ya hapo pumzi zilianza kuwa za mbali mbali.

Saa nne kasoro simu ilitetemeka. Umeme ulikuwa umekatika nyumbani. Hospitali jenereta ilikuwa imewaka bila sisi kuona tofauti. Betri ilikuwa inafanya kazi yake, pampu ya hewa ilikuwa inazunguka, lakini hita zilikuwa zimekufa, na chumba kile usiku wa Julai hupoa haraka. Tangi la wazazi lilikuwa 25. Saa tano na nusu lilikuwa 23 na nusu. Saa saba lilikuwa 22, nje kukiwa na nyuzijoto 9.

Katika tangi hilo walikuwamo wazazi wote, na katika mengine mawili vifaranga zaidi ya elfu sita vilivyokwisha kuagizwa Idodi, ambavyo vilikuwa ada ya muhula wa Oktoba. Kutoka hospitali hadi nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Mmoja wetu angeweza kwenda, akawasha moto, akarudi baada ya saa mbili au tatu. Tulijua hilo wote wawili, na tulijua kwamba mwenzake anajua. Mama alikuwa ameshika mkono wa kila mmoja.

Hatukujadiliana. Simu ilipotetemeka tena, mmoja wetu aliizima na kuifunika kwa Biblia. Tulianza rozari, Matendo ya Uchungu, na kila tendo lilikuwa refu kuliko kawaida, maana tulisubiri pumzi yake kabla ya kuendelea. Mama alifariki saa kumi na dakika kumi alfajiri.

Watu wanaopenda vifaa hivi husema kwamba vinakufanya uwepo mahali ambapo haupo. Usiku ule tuliona kwamba si kweli. Kifaa kilitupa habari, na habari haikuwa na mikono. Tulijua kila nusu nyuzi iliyopotea na hatukuweza kurudisha hata moja. Pengine ndiyo tofauti iliyopo kati ya kujua kwetu na kujua kwa Mungu: Zaburi ya 121 inamsifu yule asiye na usingizi, lakini inamsifu kwa sababu pia yuko hapo, upande wa mkono wako wa kuume, kama kivuli. Sisi tulikuwa upande wa mkono wa mama. Kwa samaki hatukuwa na upande wowote.

Tulifika nyumbani saa moja asubuhi kuwaambia watoto na kuandaa mahali pa waombolezaji. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Uani palikuwa na mafiga matatu, majivu bado yana moto, na masufuria makubwa ya jumuiya, yale ya sherehe ya somo wetu. Ndani, katika kila tangi yalielea madumu ya lita kumi yaliyofungwa vifuniko. Samaki walikuwa hai.

Hakuna aliyekuwa amewapigia simu. Hakuna hata mmoja wao mwenye ile programu. Umeme ulipokatika kijiji kizima, mama jirani alikuwa kitandani, akawaza kwamba wenye samaki wako hospitali na hita hazina umeme. Akaamka, akagonga kwa mwenyekiti. Mwenyekiti, kwa miaka yake, alikwenda nyumba kwa nyumba na tochi. Walichemsha maji, wakajaza madumu, wakayafunga na kuyatumbukiza ili joto liingie polepole bila kuwaunguza samaki. Yakipoa, wakayatoa na kujaza mengine. Walifanya hivyo tangu saa saba mpaka kulipopambazuka. Walikuwa watu tisa, na mmoja alikuwa mjamzito.

Baada ya mazishi na arobaini, mwenyekiti alikuja kutujulia hali. Salamu zilikwenda mpaka mwisho, ng'ombe wakiwamo. Tulimwonyesha kitu ambacho sisi wenyewe tulikuwa tumekigundua siku chache tu zilizopita. Kompyuta ile ndogo huchora mstari wa joto wa kila siku, na ule wa usiku wa mama ulikuwa bado umo. Unateremka taratibu kutoka saa nne, kama mtu anayeshuka kilima kwa uangalifu, mpaka kwenye saa saba na robo. Halafu unapanda. Haupandi kwa ulaini kama hita inavyoupandisha. Unapanda kwa vipandio, kipandio kimoja baada ya kingine, mpaka asubuhi.

Mzee alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. Akaweka kidole kwenye kipandio cha kwanza na kuanza kuhesabu. Kile kilikuwa cha mama jirani, akasema. Hiki ni cha yule binti mjamzito, alilazimisha kubeba mwenyewe. Alipofika cha nne alisimama, akacheka peke yake.

"Hiki changu," akasema. "Kirefu kuliko vyote. Niliwaambia maji yangu yamechemka, wakakataa."